Daftari la Matembezi ya Mama

Mwewa, mjukuu wangu,

Bado nasikia kandambili za mama yangu zikipiga sakafu alfajiri, akitoka kutembea. Hapa Kolwezi tu wazima. Najua unacheka kuwa na kambo, kama tuitavyo babu na nyanya huku, asiyefika miaka thelathini, lakini nyanya yako ni dada yangu mkubwa, na mimi ndiye kitinda mimba.

Umeuliza kama tumnunulie nyanya yako daftari la kuandika matembezi yake, maana ameyaacha na sukari inapanda. Mama pia alikuwa na sukari. Muuguzi alimpa daftari, na kwa kuwa hakujua kuandika, niliandika mimi. Alikuwa akirudi, amezunguka mashimo ya wachimba madini mtaani Kasulo, na kusimama mlangoni: "Andika, nimefika ku kanisa." Niliandika, kisha nikarudia vitabu vyangu.

Siku moja akasema, "Weye unaandika tu. Kesho twende bote."

"Nikimaliza mitihani, mama."

Hakuifikia mitihani hiyo; alifariki kabla. Daftari ninalo, halina siku iliyorukwa, na ningelitoa lote nipate asubuhi moja njiani naye.

Kwa hiyo sikununua daftari. Leo nimemgongea nyanya yako mlango, tumetembea hadi sokoni na kurudi, naye amelalamika njia nzima.

Kambo yako