Maelezo ya Shahidi Kuhusu Kompyuta ya Mama na Bango la Mkono

Kituo: Kituo kikuu cha polisi, chumba namba 4
Kosa linalochunguzwa: Wizi wa kompyuta
Jina la shahidi: Limehifadhiwa kwa kuwa shahidi ni mtoto
Umri: Miaka 16
Kazi: Mwanafunzi wa sekondari
Anapoishi: Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la rangi, pamoja na mama yake na bibi mzaa mama
Tarehe na saa: Ijumaa, tarehe 10 Aprili, saa tisa na robo alasiri
Mtu mzima aliyekaa na shahidi: Bibi yake

Nimeelezwa kwamba nikisema uongo nitakuwa nimetenda kosa. Nimeelewa. Nitasema niliyoyaona na niliyoyasikia, na pale nilipoambiwa na mtu nitasema nimeambiwa.

Mama yangu ni mchora vibao. Kwa miaka kumi na tisa ameandika majina ya maduka, saluni na zahanati kwa brashi. Mwaka juzi alianza kusomea shahada ya uzamili ya matangazo ya biashara chuo kikuu. Darasani mwao wako kumi na wanne na yeye ndiye mkubwa kwa umri. Wenzake humwita Mama Brashi. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumcheka.

Kazi yao ya mwisho ni kubuni tangazo kamili na kulitetea mbele ya jopo la walimu. Asiyefaulu hapo hapati shahada. Mama alichagua tangazo la kliniki moja ya kupima macho. Alichora mwanamke anayesoma ujumbe kwenye simu huku akiisukuma mbali ili aone, na mkono wake ukarefuka toka mwanzo wa bango hadi mwisho. Chini yake aliandika: "Mkono hautarefuka zaidi. Njoo upimwe macho." Wazo hilo alilipata kwa kumtazama bibi akisoma simu.

Bibi amesema hapa kwamba hakuombwa ruhusa. Askari amemwomba asubiri.

Mimi nilikuwa karani wa mama. Alimwonyesha mtu mchoro kwa sekunde tano, akaufunika, akamuuliza anakumbuka nini. Mimi niliandika jibu lake kwenye daftari. Tuliwauliza majirani, fundi cherehani, wateja wa duka la rangi na mwalimu wangu wa hesabu. Jumla ni watu sitini na watatu. Hamsini na wanane walikumbuka mkono.

Mnamo Jumatatu tarehe 16 Machi, saa kumi na nusu alasiri, nilitoka shule nikaenda chuoni kumsubiri mama. Alikuwa katika chumba cha wanafunzi wa uzamili, ghorofa ya pili. Alikuwemo pia mwanafunzi mwenzake wanayemwita Bosi, kwa sababu ameajiriwa katika kampuni ya matangazo na huja darasani na tai. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Akasimama nyuma ya kiti cha mama akatazama kompyuta.

Akasema, "Mama Brashi, huu mkono umeutoa wapi?"

Mama akasema, "Nyumbani kwangu."

Akacheka. "Umri wako huu ungekuwa unafuma vitambaa, mama. Kazi za kichwa tuachie vijana."

Mama akamjibu, "Vitambaa nafuma pia, mwanangu. Ukioa nitakuletea."

Saa kumi na dakika hamsini mama aliniomba nishuke naye kuangalia kama kuna foleni chumba cha kuchapishia kilicho chini. Mkoba wake aliuacha mezani, na ndani yake mlikuwa na kompyuta pamoja na flashi yenye nakala. Tulikuta mashine imeharibika, tukapanda kurudi. Kwenye ngazi tulipishana na Bosi. Mkononi alibeba koti la mvua lililokunjwa kwa kufunika kitu. Siku hiyo jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Nilimuaga kwa adabu na hakunijibu. Nakumbuka kwa sababu yeye huwa hakosi la kusema.

Tulipoingia chumbani mkoba haukuwepo. Mama alitafuta chini ya meza zote, hata ile ya mwalimu. Kisha akakaa. Sijawahi kumwona mama akikaa bila kushika kitu mkononi. Saa kumi na mbili kasoro tulikuja kituo hiki kutoa taarifa, na askari aliyekuwa zamu anaweza kuthibitisha.

Siku kumi zilizofuata mama alichora bango lote upya kwa brashi, kwenye karatasi kubwa alizobandika ukutani sebuleni. Alilikabidhi chuoni Alhamisi tarehe 26 Machi.

Mnamo Ijumaa tarehe 27 Machi, saa kumi alasiri, nikitoka shule, niliona mafundi wakishuka kwenye bango kubwa la njia panda. Juu yake niliona mkono. Ulikuwa mkono ule ule, na maneno yale yale. Sikusoma hadi chini kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa ameshapigiwa simu na chuo. Alinieleza kwamba kazi yake imefanana na tangazo la kampuni ya Bosi, na Bosi amewaambia walimu kuwa mama alimwibia wazo. Jopo litakaa tarehe 9 Aprili, na ikionekana amenakili atafukuzwa masomo. Nikasema tupeleke daftari langu. Mama akasema, "Daftari watasema tumeliandika jana, mwanangu." Bibi akasema basi yeye atakwenda kuwaambia. Mama akamwuliza atawaambia nini. Bibi akasema, "Nitajua nikifika."

Mnamo Jumamosi tarehe 28 Machi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, simu ya bibi ililia. Mtu akauliza kama hapo ndipo wanapopima macho. Bibi akasema, "Mimi mwenyewe sioni, nitampimaje mtu?" akakata. Ikalia tena. Hadi saa nne walikuwa wamepiga watu wanane, na bibi alidhani ni vijana wanamtania. Wa tisa nilipokea mimi. Nilimwamkia nikamwuliza namba hii ameipata wapi.

Akasema, "Kwenye bango pale njia panda, binti. Kwani nimekosea?"

Nilikimbia hadi njia panda bila kubadili kandambili. Chini kabisa ya bango, kulia, palikuwa na namba ya simu ya bibi. Niliisoma mara tatu, tarakimu moja moja.

Nilirudi nikamwambia mama. Alishika ukuta, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Alinieleza kwamba tangazo likiwa bado rasimu huwekwa namba yoyote, ili mchoraji aone itachukua nafasi kiasi gani. Namba ya kweli huletwa na mteja mwishoni. Wenzake huweka sifuri tupu, lakini sifuri zote zina upana mmoja na macho hudanganyika. Yeye huweka namba anayoijua kwa moyo, naye anaijua ya mama yake. Kwenye karatasi alizochora upya aliweka namba ya kliniki, kwa kuwa alikuwa ameshaipata. Kwa hiyo namba ya bibi ilikuwa kwenye rasimu iliyoibwa tu. Aliyelichapisha bango alibadili tu jina la mbunifu lililo chini, akaweka la kampuni yake.

Nilitaka tukimbie chuoni papo hapo. Mama akasema, "Hapana. Simu isizimwe. Kila anayepiga, mwandike."

Tangu siku hiyo bibi alikuwa mapokezi. Nilimtafutia anwani ya kliniki, akawa anamwelekeza kila mtu. "Ukifika kwenye benki, kata kushoto, baba. Usiende bila kunywa chai, kuna foleni." Wengine walimpigia tena kumshukuru. Hadi jioni ya tarehe 8 Aprili nilikuwa nimeandika wapigaji mia nne na kumi na wawili, kila mmoja na saa yake.

Mnamo Alhamisi tarehe 9 Aprili, saa tatu asubuhi, tulikwenda chuoni sote watatu. Nilikuwa na ruhusa ya mwalimu mkuu. Mama aliingia kwa jopo. Mimi na bibi tulikaa kwenye benchi la nje, na mlango haukufungwa sawasawa, kwa hiyo tulisikia.

Bosi alizungumza kwanza. Aliongea vizuri sana na niliogopa. Mama alipopewa nafasi aliuliza swali moja tu: "Mwenzangu, namba iliyo kwenye bango lako ni ya nani?"

Bosi akasema, "Hiyo ni namba ya mfano. Nilijaza tarakimu zozote. Mafundi walisahau kuibadili."

Mama akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, naomba uipige."

Mara simu ya bibi ikalia mapajani mwake. Mama hakuwa amemwambia bibi chochote kuhusu hilo. Bibi akaipokea kama alivyozoea, kwa sauti yake ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara:

"Haloo! Kliniki haiko hapa, mwanangu! Una miaka mingapi? Mkono umeishia wapi?"

Tulisikia sauti yake humo ndani mara mbili, kupitia simu na kupitia mlango. Mtu mmoja akaanza kucheka, akafuatwa na wengine. Mwenyekiti akatoka na simu sikioni, akamwona bibi, bibi naye akamwona. Mwenyekiti akainama akasema, "Shikamoo, mama." Bibi akasema, "Marahaba. Wewe ndiye uliyepiga? Macho yako mbona mazuri tu."

Bosi alipoulizwa jinsi alivyopata namba ya bibi wa mtu kwa kubahatisha, alisema anaumwa kichwa. Jopo halikumruhusu kuondoka. Mama akaomba atetee kazi yake. Alitetea kwa dakika arobaini, na safari hii mlango uliachwa wazi kwa ajili yetu. Walipomuuliza ushahidi kwamba tangazo linafanya kazi, aliniita ndani. Nilisimama mbele yao na daftari nikasoma idadi ya simu za kila siku. Siku mbili za mwanzo nilizisoma haraka mno, halafu nikapunguza mwendo. Mwalimu mmoja alisema hajawahi kuona mwanafunzi akiletewa majibu ya utafiti na mwizi wake. Saa sita na nusu mchana walimwita mama ndani wakamwambia amefaulu, kwa alama za juu kuliko wote darasani.

Leo, saa nane mchana, nimeonyeshwa kompyuta ambayo askari wamesema waliikuta ofisini kwa Bosi asubuhi. Naitambua kuwa ni ya mama. Ina doa la rangi ya manjano karibu na bawaba, na doa hilo nililitia mimi.

Sijalipwa wala kutishwa ili niseme haya. Nilipomaliza nilimwomba askari aandike kwamba tangazo lile ni la mama yangu, alilifikiria yeye na kulichora yeye, mara mbili. Askari alisema hilo si sehemu ya kosa, anachunguza kompyuta tu. Nikamwomba tena. Bibi naye akamwomba. Askari ameandika.

Nimesomewa yote na hakuna la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Dole gumba la bibi: (limetiwa; amesema sahihi yake ni ndefu)

Maelezo ya mwandishi: Nimeyarekodi mimi, askari mpelelezi, kuanzia saa tisa na robo hadi saa kumi na dakika ishirini. Shahidi ameeleza kwa utulivu na bila kuelekezwa. Bibi ameonywa mara tatu asimjibie. Ombi la mwisho la shahidi nimelipima, nimeliona ni la kweli, na nimeliacha ndani ya jalada. Mlalamikaji amekuwa akisubiri nje wakati wote. Nilipofungua mlango aliniuliza kama binti yake amesema vizuri. Nilimjibu ndiyo.