Ukuta wa Chumba cha Mama

Baba,

Leo asubuhi nimegonga ukuta wa chumbani kwa Mama kwa kifundo cha kidole, kama ulivyonifundisha. Nimesikia udongo ukimwagika ndani, polepole. Naogopa, Baba. Naogopa sana.

Acha nikuambie tulichofanya. Siku ya kuondoa matanga yako ilipokaribia, Kaka Masanja alisema wageni wa Bariadi na Maswa hawawezi kuikuta nyumba ya babu yako, mwanangwa aliyeongoza kijiji chote hiki cha Kimali, imepakwa samadi ya ng'ombe. Akaleta saruji. Nyumba nzima ikapigwa lipu, nje na ndani, ikapakwa rangi nyeupe. Ilipendeza, sitasema uongo. Wageni walipiga picha barazani, wakasifu nguzo za mninga na zile kuta nene za kupoza joto, wakasema hii ni historia, itunzwe. Masanja alitokwa machozi. Alikuheshimu kwa namna aliyoijua.

Lakini mimi nilijua. Kila kiangazi tulikanyaga pamoja udongo wa kichuguu, samadi na majivu, wewe ukinitania kwamba miguu hii ya bata hakuna atakayeioa. Ulisema, "Ukuta wa udongo unapumua. Ukiuziba, unaoza tumboni." Nilinyamaza kwa sababu ni matanga, na binti habishani na kaka yake mkubwa mbele ya ukoo. Tena ndoo za maji ya kuchanganyia saruji nilichota mimi.

Sasa mvua zimeanza. Unyevu unapanda kutoka chini na hauna pa kutokea. Lipu imevimba na kupasuka juu ya kitanda cha Mama. Kuku waliokuwa wakitaga chini ya dirisha la chumba chake wamehama wote, hatujawafukuza. Masanja aliuziba ufa kwa saruji nyingine, na jana umerudi, kidole changu kinaingia.

Na Mama hataki kutoka. Anaweka kiganja pale palipovimba, anasema, "Huyu ni baba yako, ameegemea upande wa pili. Nimwache niende wapi?" Namwambia, "Mayu, ni maji hayo." Ananitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Nyundo yako nimeitoa stoo. Nakuahidi, kesho kukikucha nitaanza kuibandua saruji yote, Masanja akasirike, ukoo useme nimekuvunjia heshima. Nikiigusa, ukuta unaweza kushuka, kwa hiyo Mama lazima atoke kwanza, hata kwa kubebwa. Ila sasa hivi amelala mle ndani, amegoma kufungua mlango, na mawingu yamefunga upande wa Lingeka.

Kwaheri, Baba. Mimi siamini aliyosema Mama. Lakini kama ni kweli uko pale, usiegemee tena. Ushike huo ukuta mpaka nimtoe.

Binti yako,
Kabula