Saa Nne ya Bibi

Jengo la Saba, Kichochoro cha Wufu
Shanghai
9 Agosti

Mpendwa Mjomba Guoliang,

Hujambo huko Peru? Kifua kimepona? Nasikia huko mgodini saa hizi ni baridi kali, tugawie kidogo basi! Mimi mzima. Mama naye mzima, miguu tu inamsumbua.

Sasa Mjomba, kaa chini. Bibi yuko hospitali. Mama amenikataza kukwambia, si unajua kwetu habari mbaya haivuki bahari? Hata ukipiga simu ananikodolea macho. Ndiyo maana nimeandika, barua nimempa Bwana Hu wa mgodini kwenu, anayerudi huko kesho.

Ni joto, Mjomba. Mwaka huu lami inanata kwenye viatu! Kiyoyozi ulichomnunulia Bibi kipo, kizima, nilikifungua na kukisafisha mwenyewe. Lakini unamjua: umeme unashuka bei saa nne usiku, basi kabla ya hapo hagusi kitu. Anashinda mlangoni na taulo la maji shingoni. Mama Yao wa jirani alimpigia kelele: "We bibi, hiyo baridi unamwekea nani, maiti?" Bibi akacheka: "Mchana ni wa matajiri. Mwanangu mwenyewe kaniita bingwa wa kubana umeme!"

Ni kweli ulimwita hivyo, Mjomba. Anamwambia kila mtu.

Nilijaribu kuisogeza mbele saa yake ya ukutani. Akachungulia dirishani: "Saa nne gani hii yenye jua, we Peiran?"

Jumanne usiku saa nne ikafika. Unalikumbuka jengo letu: viyoyozi vyote vinanguruma kwa pamoja, mashine za kufulia zinatetemesha sakafu. Nilikuwa kwenye ngazi. Vyote vikawaka, cha Bibi kimya. Nikapanda mbio. Nikamkuta kitini, rimoti mkononi, ngozi kavu, ya moto. Namwita, haitikii.

Figo zimeumia. Daktari kasema siku nyingine kama ile, hatuna Bibi. Na akiruhusiwa anarudi chumba kilekile, rimoti ileile! Mimi kwake mtoto. Mama akisema anajibiwa, "Wewe hujui pesa." Anakusikiliza wewe tu. Mwambie awashe mchana. Mfokee ikibidi. Mwambie umemvua ule ubingwa.

Leo kafungua macho. Wodini kunapuliza baridi safi, jua kali nje. Nikadhani ataomba maji. Akanivuta shati: "Zima hicho. Saa nne bado."

Mama anakusalimu, na Mama Yao pia, hatanii tena siku hizi. Mbingu zikulinde huko chini ya ardhi, utoke salama kila siku.

Huwa unampigia Bibi baada ya saa nne usiku, ukijua ndipo yuko kwenye baridi. Safari hii usingoje, Mjomba. Piga mchana.

Mpwa wako akupendaye,
Peiran