Mbu Wasiouma, na Kisu Nilichokuletea

Aabo,

Assalamu alaikum, baba yangu, huko uliko. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha iliyokufanya uniite karani na kunicheka, wewe na "bole bole" yako ya sokoni. Kwa Kisomali ningelia kabla ya mstari wa pili.

Mvua imerudi Garissa. Nyuma ya nyumba yetu hapa Waberi maji yametuama, na mawingu yanapita ndani yake taratibu. Jana baada ya alasiri nilisinzia mkekani nikakuona unachunga mbu. Kundi zima linakufuata bila kelele, nawe unaliongoza kwa fimbo kama mbuzi wako. Nikakuuliza mnaenda wapi. Ukacheka tu. Niliamka nimefurahi, halafu nikakumbuka.

Ndoto hiyo imeletwa na mkutano. Walikuja watafiti wakatuambia kwamba huko maabara wanabadilisha vinasaba vya mbu. Dume wao haumi mtu. Akipandana na jike wa porini, watoto wao wa kike hufa wangali wachanga. Hapa kwetu hawajamwachia hata mmoja. Walitaka kwanza kusikia tunasemaje, na wazee wakaamua waanze waliofiwa kwa homa ya mbu.

Adeer, ndugu yako, hakungoja zamu. "Mbu iko ya Mungu," akawaambia. "Nyinyi nabadilisha kwa nini?" Kisha akanitazama mimi, akidhani nitamuunga mkono.

Nilisimama. Nikasema yale ambayo sijawahi kumwambia mtu. Kwamba yule mbuzi mweupe alipoanguka akitokwa damu puani, ulipiga kelele achinjwe haraka kabla hajawa mzoga, nyama isiharamike. Nani alikimbia kuleta kisu? Mimi, Aabo. Nilitaka pia kumshika miguu, ukanifukuza nisichafue gauni langu jipya la Idi. Damu ikakurukia wewe peke yako. Siku chache baadaye homa, halafu... Daktari alisema mbu walimwambukiza mbuzi, na damu yake ikakuambukiza wewe. Gauni lile sijalivaa tena.

Nikawaambia watafiti waendelee. Nilisema ndiyo kwa jina lako, na sijui kama wewe ungesema hivyo. Hilo linanitesa. Adeer hajanisalimia tangu siku hiyo; namtilia chai, anainywa akitazama ukuta. Nisamehe kama nimekosea.

Mbu wao huenda wasifike hapa mimi nikiwa hai, na maji ndiyo hayo yanazidi kujaa. Allah akurehemu, Aabo, akupanulie kaburi lako. Pumzika. Ninakuahidi jambo moja tu: mbuzi mwingine akianguka vile, sitaleta kisu. Hata akiwa wa Adeer, hata yeye akinilaani mbele ya watu, nitawazuia wote wasimguse, nami nitakaa hapo mpaka afe mwenyewe.

Binti yako, karani.