Kichwa cha Treni Kinamuua Mwanao

Berea, Johannesburg, 2017

Papa yangu mpendwa,

Yambo, Papa. Vipi miguu, vipi kikohozi, mama mkwe bado anakukataza tumbaku? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Nimeandika kwa sababu kwenye simu husikii, kisha unajibu usichoulizwa. Wifi Ngalula akusomee yote, asiruke hata pale ninapotukana.

Nina ombi moja: mwite mwanao arudi nyumbani Likasi. Mimi mkewe nimeomba, nimelia, nimenuna. Hanisikii. Wewe atakusikia.

Unajua Kasongo analinda yadi ya reli kule Doornfontein. Pale kuna kichwa cha treni cha umeme, cha zamani, kama kile ulichoendesha wewe. Kutu tupu, ndege wamezaa ndani. Basi ukaja uvumi kwamba kitatengenezwa, kitembee tena na kubeba watu. Nani kasema? Hakuna anayejua. Mwanao akaanza kukiosha kwa ndoo, anarudi nyumbani anaimba! Nikamwambia, wewe umeajiriwa kulinda geti, si kuogesha chuma. Akacheka.

Uvumi huohuo ukafika kwa wengine. Wezi wakasikia kimetiwa nyaya mpya za shaba. Wanaume wa mtaani wakasikia kazi zimeshagawiwa makwerekwere, ndivyo wanavyotuita sisi wageni. Eish, Papa! Shaba hakuna, kazi hakuna.

Jumamosi mchana nilimpelekea bukari yake, ugali wa mchana. Nikakuta geti limelala chini. Watu wanavunja madirisha ya kile kichwa kwa nyundo, na Kasongo kasimama kwenye mlango wa treni na rungu, peke yake. Mwenzake wa zamu alishakimbia, na alifanya vizuri. Nikapiga kelele, "Kasongo, waachie!"

"Hawapiti!" akajibu.

Wakampiga nondo ya mkono, mfupa ukalia hadi nikausikia. Akaanguka, wakamkanyaga. Mmoja akanishika nywele, akanibamiza ukutani, akauliza kwa nini hatuendi kwetu. Nikamwuma kidole mpaka nikaonja damu yake. Sijutii. Kisha wakaimwagia treni petroli, wakawasha. Nilimburuta mwanao kwa mkanda wa suruali, ngozi ya mgongo ikabaki kwenye kokoto.

Sasa yuko hospitali. Mkono umetiwa vyuma. Jicho la kushoto, daktari kasema tusilitegemee. Na unajua alisema nini alipoamka? "Chuma hakiungui, Mama Mado. Kitatengenezwa tu." Nilitamani nimmalizie mwenyewe.

Jana akanituma nikuandikie umletee ule mpini wako wa kuendeshea treni, uliouchukua siku ya mwisho kazini. Eti atauchomeka pale, kichwa kiondoke, wajue yeye ni mtoto wa dereva. Na wale watu wameapa watarudi. Naogopa, Papa, hata kula siwezi.

Haya, ujumbe wake nimeufikisha, asiseme nimeuficha. Sasa sikia wangu. Utupe huo mpini chooni. Halafu umpigie simu, hata kama husikii, umwambie umeutupa, na kwamba unamtaka nyumbani angali na jicho moja.

Nisalimie mama mkwe, wifi msomaji wetu, na dada yangu mkubwa muuza makaa. Mjukuu wenu Mado anawasalimu kwa Kizulu, Kiswahili anakionea haya.

Ni mimi mkaza mwanao, ambaye bado si mjane,
Mama Mado