Mpira Usiozunguka

Bluff, Durban

Kaka Vuai,

Asalam aleikum. Mimi mzima, ila baridi imeanza. Umeniulizia besiboli. Peguy, Mkongo ninayekaa naye, ndiye aliyekuwa akinidakia badala yako. Mpira wangu wa polepole ulimpiga kifuani kila siku, maana hauzunguki, unayumba tu hewani, na hata mimi ninayeurusha sijui utatua wapi. Alikuwa akilalamika, "Eish, huu mpira iko na shetani!" Nikafurahi, kwa sababu mpigaji naye asingeuweza. Klabu moja ya hapa ikakubali kunijaribu.

Usishangae mwandiko, naandika kwa kushoto. Unakumbuka mpira ule hushikwa kwa kucha. Glavu za kazini, kule kiwandani Mobeni, zilikuwa zikinivunja kucha, na zilikuwa zimebaki siku tatu nikajaribiwe. Nikazivua. Mashine ikanikata vidole viwili, cha shahada na cha kati. Msimamizi akaniuliza kwa nini nilivua glavu. Ningemwambia nini, kwamba nalea kucha kama bibi harusi?

Mama mwambie nimejikwaruza tu. Na ile glavu yako kubwa ya kudakia usinitunzie tena, wape watoto wa skuli.

Jana nilijaribu kurusha kwa kushoto, mpira ukazunguka. Peguy alidaka mipira yote kumi, hakukosa hata mmoja. Alifurahi sana.

Mdogo wako,
Machano