Usimpandishe Kasereka Lori la Kasindi

Kwako mdogo wangu Kambale,

Nakusalimu wewe, mama Kasereka na batoto bote. Je, kikohozi kimepoa? Ninyi mliozoea joto la Mbau, najua baridi ya Butembo imewapokea kwa ukali tangu mkimbie vita. Mimi magoti yananisumbua, lakini Mungu ananilinda, na binti yangu Masika, ninayeishi kwake hapa Marekani, haninyimi bugali.

Sauti uliyonitumia kwa simu nimeisikiliza tena na tena. Unasema mwalimu wa timu ya mji alimtazama mwanao Kasereka akicheza, akamsifu, kisha akamwambia: «Batoto ba Mbau batarudia kwabo. Nafasi iko ya batoto ba hapa.» Na wewe ukaamua: «Mupira hailishake mutu. Aende Kasindi kubeba mizigo.» Umeniomba, kama mkubwa wa nyumba, nitie neno kabla hajapanda lori. Vumilia basi, maana ualimu haujanitoka.

Kanisani kwetu kuna bibi mmoja Mmarekani mweusi, mama Odessa, ambaye baba yake alicheza besiboli. Nikueleze: mmoja anatupa mpira mdogo mgumu, mwenzake anaupiga kwa gongo. Siku ya kwanza Masika aliponipeleka uwanjani, mtu aliupiga ukaruka ukuta, ukapotea. Nikasema kwa sauti, «Maskini, sasa ashuke akautafute!» Watu wakageuka kunitazama. Kumbe huku huo ndio ushindi mkubwa. Mimi nilikumbuka mpira wetu wa majani ya migomba kule kilimani: aliyeupiga ukaporomoka bondeni, ndiye aliyeshuka kuuleta, hata mvua ikinyesha, na mchezo ulimngoja.

Baba wa mama Odessa alikuwa mtupaji hodari. Lakini sheria za wakati ule zilitenga weusi na weupe: shule mbali, viti mbali, hata bomba la maji. Timu kubwa zilikuwa za weupe tu. Basi weusi wakaunda timu zao wenyewe. Walisafiri kwa basi na kulala humo humo, kwa sababu hoteli ziliwakataa. Chakula walipewa kupitia dirisha la nyuma la jiko. Mama Odessa, akiwa mtoto, aliuliza: «Baba, mbona hatukai ndani?» Akajibiwa: «Kula, binti. Kesho hao hao watalipa ili wanione.»

Siku za juma alibeba vyuma kiwandani. Jumamosi moja akasema amechoka, anaacha mpira. Mke wake alikuwa akipiga pasi shati la timu, wala hakuinua kichwa: «Kiwanda kitakuwepo Jumatatu. Leo ni Jumamosi. Vaa.»

Mlango wa timu kubwa ulipofunguliwa kwa weusi, mkono wake ulikuwa umekwisha nguvu. Aliyechukuliwa ni kijana aliyekuwa amemfundisha yeye mwenyewe, nyuma ya kanisa. Familia nzima ilienda kumtazama. Nikauliza, «Mzee alilia?»

Mama Odessa akacheka. «Alie? Alimpigia kelele tangu mwanzo: Inua kiwiko, wewe!»

«Hakuwa na hasira?»

«Kila siku. Na kila siku alitupa mpira.»

Ndugu yangu, kazi si aibu. Kasereka abebe mizigo, lakini aibebe hapo sokoni, siku za juma. Jumamosi avae. Vijana waliokimbia kutoka Mbau na Oicha wamejaa mjini, na miguu yao imelala bure. Mwendee mchungaji, mwombe ule uwanja wa nyuma ya kanisa ambapo mbuzi wanakula. Mama Kasereka ana cherehani. Mambo ya mashati mwachie yeye. Timu za mji zikiwakataa, wacheze wao kwa wao mpaka mji wenyewe uje kuwatazama. Hilo ndilo neno langu. Lisome mbele ya mtoto.

Nisalimie dada yetu Kavira, anayewalea wajukuu peke yake, na mjomba Katembo, mchungaji wa ng'ombe kule Lubero. Shemeji Muhindo, anayebadilisha pesa mpakani Kasindi, mwambie asimtengenezee kijana kitanda.

Na wewe, Kambale, tulipokuwa wadogo hakuna mpira ulioporomoka ukauacha, hata ule uliopigwa na wengine. Huu nao umeporomoka. Shuka ukaulete.

Mkubwa wako akupendaye,
Paluku